Saini za Heshi na Hatari ya Nakala Rudufu

Mabibi na mabwana, mnajua alichokionyesha mwanahisabati Peter Shor mwaka 1994, na kwa nini RSA na ECDSA, saini za kidijitali zilizozoeleka, hazitaistahimili kompyuta kubwa ya kwanta, ile inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo, kwa hiyo somo hilo sitalirudia. Nitarudia lile ninalolisema kila ninapopewa nafasi: saini za heshi, yaani zinazojengwa juu ya alama fupi ya data isiyoweza kurudishwa nyuma, ni imara, lakini baadhi yake hazivumilii nakala rudufu, na bado tunazifunga kwenye seva kana kwamba ni funguo za kawaida.

Chukueni saini ya Leslie Lamport ya mwaka 1979. Mwenye ufunguo huandaa namba za siri 512, mbili kwa kila biti ya heshi ya biti 256, na kutangaza heshi za namba hizo; anapotia saini, hufichua namba moja ya kila jozi kufuatana na biti za heshi ya ujumbe. Ufunguo huo ni wa mara moja tu. Ukiutumia kwa jumbe nne, jozi ambazo bado zina namba ya siri hubaki takriban 32, na mghushi hupata ujumbe unaolingana nazo kwa majaribio yapatayo bilioni nne, kazi inayowezekana kwa kompyuta ya mezani, bila kwanta yoyote.

Ralph Merkle alizikusanya funguo za namna hiyo chini ya mzizi wa mti mmoja, yaani heshi moja inayoziwakilisha zote, na juu ya wazo hilo imejengwa mifumo ya saini ya XMSS na LMS. Kila saini hutumia jani moja, yaani ufunguo mmoja wa mara moja, na ni lazima mfumo ukumbuke umefikia jani lipi. Sasa seva inaharibika usiku, na msimamizi anairejesha kutoka nakala ya jana, kama alivyofundishwa na kama inavyompasa. Majani yaliyotumika leo yote yanahesabiwa kuwa mapya, na yatatumika tena. Anayenakili mashine pepe, yaani kompyuta iliyoigwa kwa programu, naye hufikia palepale, na hakuna kengele itakayolia.

Mtaniambia kwamba mtakuwa waangalifu. Uangalifu wa nani, ikiwa kifaa kitadumu miaka 15 na ninyi mmeshahama kazi? NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, haikuutegemea uangalifu huo: mwongozo wake SP 800-208 wa mwaka 2020 unaagiza ufunguo uundwe na utumike ndani ya kifaa cha maunzi kisichouruhusu kutoka. Mwenye kifaa hicho, anayetia saini programu dhibiti, ile inayoendesha kifaa kutoka ndani, mara chache kwa mwaka, simpingi. Saini ya XMSS yenye mti wa ngazi 10 ni baiti 2,500 tu.

Kwa wengine ipo SLH-DSA, saini nyingine ya heshi iliyoidhinishwa na NIST Agosti 2024 kama kiwango cha FIPS 205, isiyohitaji kukumbuka hesabu yoyote. Muda umekwisha, basi niseme kwa ufupi: saini yake fupi kuliko zote ni baiti 7,856, dhidi ya 64 za Ed25519, saini ya kawaida isiyo ya heshi, na kuitengeneza huchukua muda. Kwenye sasisho la programu la megabaiti 40, baiti hizo hazimlemei mtu.