Mkalishe kijana na daftari

Wakubwa zangu shikamoni. Wengine, habari za asubuhi.

Niliombwa nizungumze namna baba mkulima anavyoweza kumshauri kijana wake mkubwa juu ya kazi ya kushika. Nitaanza na tarehe, maana hapo ndipo wengi mnapoteleza. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Lakini kozi ndefu za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huanza Januari, na maombi kwa kawaida hupokelewa kati ya Agosti na Oktoba ya mwaka uliotangulia. Baba anayesema "tusubiri matokeo kwanza" ameshachagua bila kujua: ufundi umempita kijana mwaka mzima. Fomu ijazwe angali amevaa sare ya shule. Akichaguliwa kidato cha tano baadaye, ndipo mtaamua abaki au aende.

Sasa mazungumzo yenyewe. Habari za vyuo kijana atazipata kwa mwalimu au kwenye simu. Hesabu ya shamba lenu haipati popote isipokuwa kwako. Kwa hiyo usianze na "soma usije ukateseka kama mimi", wala usianze na "ardhi ndiyo urithi wako". Chukua daftari, mwandike ekari moja ya mahindi, wewe na yeye.

Ukipanda sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari inabeba karibu mashina 18,000. Kila shina likitoa hindi moja lenye punje za gramu 100, ni kilo 1,800, yaani magunia 18. Wewe ulipata mangapi? Kama ni 9, nusu imekwenda mahali, na kijana anastahili kujua ni wapi. Mashimo yasiyoota hayakurudishiwa? Mbolea ya kukuzia ilisubiri hela mpaka mahindi yakakupita kifua, badala ya kuwekwa yakiwa usawa wa magoti na udongo una unyevu? Viwavijeshi vamizi walishaingia kwenye moyo wa mmea ndipo dawa ikanunuliwa? Baba mwenye magunia 9 anayemwambia mwanawe "kilimo hakilipi" anasema habari za shamba lake, hajasema habari za kilimo.

Baada ya hapo, ukurasa wa pili: siku za kazi. Kulima, kupanda, palizi mbili, kupiga dawa, kuvuna, kubeba, kupukuchua. Hesabu na siku za mama na za watoto. Hizi ndizo zinazofichika. Tuseme ekari imekula siku 50. Tuseme magunia 12 kwa shilingi 60,000 ni 720,000, mbegu, mbolea, dawa na usafiri 380,000, zinabaki 340,000. Gawa kwa 50: shilingi 6,800. Huo ndio mshahara wa siku wa shamba lako. Weka bei za kwenu, msibebe zangu. Kisha muulizane saidia fundi hapo kijijini analipwa ngapi kwa siku.

Halafu ardhi. Ekari 6, watoto 4, na mabinti wamo, tusijifanye hatuwaoni. Kila mmoja ekari moja na nusu, na hapo nyinyi wazee bado mnakula humo humo. Ekari moja na nusu inataka siku 75. Mwaka una siku 365. Swali la kumuuliza kijana ni hili: hizo siku 290 zilizobaki utazifanyia nini?

Hapa ndipo kazi inapochaguliwa vizuri, kwa sababu ziko kazi zinazokaa vema na shamba na ziko zinazogombana nalo. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini uashi ni kazi ya kiangazi: matofali hukaushwa na kuchomwa mvua ikikatika, nyumba husimamishwa kuanzia Mei hadi Oktoba, na Novemba fundi anaingia shambani. Umeme wa majumbani hufuata nyayo za ujenzi. Mwalimu ana likizo ya Desemba. Fundi pikipiki hana msimu wa kupumzika. Mvua ndiyo inamletea wateja zaidi, na wakati huohuo palizi inamdai, basi ajue atalipa vibarua.

Kuhusu muda wa kusubiri, mnauelewa kuliko mtu yeyote. Mparachichi wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Stashahada baada ya kidato cha nne ni miaka 3. Udaktari ni miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 5 ya chuo kikuu, mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini: 8. Akisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Si sababu ya kumkataza. Ni sababu ya kutouza ng'ombe wote mwaka wa kwanza.

Na kuuza shamba kwa ajili ya ada? Ukiuza ekari 1 katika zile 6, kila mtoto amepoteza robo ekari. Waiteni wote waambiwe kabla. Chuo nacho kikaguliwe NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, na kozi yenyewe ikaguliwe pia, kwani chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi ikawa haimo.

Anayekwenda ufundi, bajeti ya vifaa iwe ndani ya ada tangu mwanzo. Mwashi bila mwiko, pimamaji na timazi vyake, au fundi umeme bila testa, plaizi, mita na drili, cheti chake kitamfanya saidia fundi. Na kufunga umeme kunataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Asiye nayo hufanya kazi chini ya mwenye nayo.

Kama kijana amesema atalima, mpe nusu ekari kwa misimu miwili, anunue mbegu mwenyewe, auze mwenyewe. Isiwe ile kona yenye mawe. Wako akina baba hutoa kona hiyo, kijana akivuna magunia mawili wanasema "nilikuambia".

Jambo la mwisho ni dogo lakini huharibu hesabu yote: mama awepo daftari linapofunguliwa. Baba anajua yaliyouzwa. Mama ndiye anayejua magunia mangapi yametoka ghalani kwenda mashineni, na hayo nayo ni mapato. Haya, maswali, naona mkono kule nyuma.