Dawa za Kumwachisha Mtu Pombe Zinaufanyia Nini Ubongo?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nawaona wauguzi, nawaona wazazi na wake na waume wa watu wanaokunywa, na bila shaka wamo humu waliowahi kutetemeka wenyewe. Nitajitahidi kusema kwa namna ambayo kila mmoja ataondoka na kitu.

Swali ninaloulizwa zaidi na familia ni hili: mgonjwa wetu amekubali kuacha pombe, tumemfikisha hospitalini, mbona anapewa vidonge vinavyomfanya asinzie na kuyumba kama mlevi? Je, si kumtoa kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine? Ni swali la haki, na lina ukweli ndani yake. Dawa hizo zinagusa sehemu ileile ya ubongo ambayo pombe inaigusa, na nguvu yake ya kuokoa maisha inatoka hapohapo.

Tuanze na ubongo wenyewe. Seli za neva zinawasiliana kwa kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Ya kwanza inaitwa GABA, nayo hutuliza. Ikikaa kwenye kipokezi chake juu ya seli, mlango mdogo hufunguka, chembe za kloraidi huingia ndani, na seli hiyo inakuwa vigumu kuamka. Ya pili ni glutamati, nayo huamsha. Fikirini mchezo wa kuvuta kamba: timu mbili zenye nguvu sawa, na kamba imetulia katikati kwa sababu zote mbili zinavuta.

Pombe ikiingia inajiunga na timu ya watulizaji. Inaiongezea GABA nguvu, na wakati huohuo inavibana vipokezi vya glutamati, hasa vile viitwavyo NMDA. Mtu analegea, wasiwasi unamtoka. Akinywa hivyo kila siku kwa miezi na miaka, ubongo haukubali kuburutwa upande mmoja. Unapunguza vipokezi vya GABA, vingine unavibadilisha muundo visiitikie kama zamani, na upande wa pili unaongeza vipokezi vya glutamati. Kamba inarudi katikati. Ndipo mnamwona mtu amekunywa kiasi ambacho kingemlaza mwingine, naye anatembea na kuzungumza sawasawa. Marafiki humsifu kwamba pombe haimwezi. Sisi tukimwona mtu wa namna hiyo tunaingiwa na hofu, kwa sababu ubongo wake umeshajipanga upya kuizunguka pombe.

Sasa pombe iachie kamba ghafla. Watulizaji wamebaki wachache na wadhaifu, waamshaji wamekuwa wengi. Saa 6 hivi tangu kinywaji cha mwisho, mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakataa. Degedege ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache wao huingia kwenye maruweruwe: hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anapigana na watu wasiokuwepo, joto la mwili linapanda. Daktari Mwingereza Thomas Sutton aliieleza hali hiyo mwaka 1813 na kuipa jina la Kilatini ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, *delirium tremens*. Kabla ya tiba nzuri iliua watu wengi sana. Hata leo, isipotibiwa, inaua.

Hapa naomba nikae kidogo. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana: je, degedege na maruweruwe vinaletwa na sumu ya pombe, au utapiamlo, au kule kuacha kwenyewe? Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Kentucky, walichapisha jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Waliwapa pombe wanaume 10 waliokuwa wamewahi kuwa na uraibu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu, huku wakiwalisha vizuri na kuwapa vitamini. Waliofika mwisho, watu 6, walikunywa kwa siku 48 hadi 87. Walipokatishwa ghafla, baadhi yao walipata degedege na maruweruwe, ingawa walikuwa wamekula vizuri muda wote. Hoja ya utapiamlo ikaanguka. Ilikuwa wazi kwamba hatari imo katika kukatishwa. Jaribio lile linanisikitisha kila ninapolitaja, kwa kuwa watu wale walikuwa wafungwa, na hiari ya mfungwa ni hiari nyembamba. Lakini kila mgonjwa anayeachishwa pombe kwa usalama leo anafaidika na waliyoyapitia.

Miaka michache baadaye zikaja benzodiazepini, jamii ya dawa za kutuliza, ambazo ndizo vidonge vile mnavyoniulizia. Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, aligundua klodiazepoksaidi, ya kwanza katika jamii hiyo, ikaingia sokoni mwaka 1960. Diazepamu ikafuata mwaka 1963. Mwaka 1969 yakatolewa matokeo ya utafiti kwa wagonjwa 537 katika hospitali za maveterani wa Marekani. Klodiazepoksaidi ililinganishwa na klopromazini, haidroksizini (dawa ya mzio inayosinzisha), thiamini (vitamini B1) na kidonge kisicho na dawa. Waliopewa klodiazepoksaidi walipata degedege na maruweruwe kwa uchache kabisa. Klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili, ilifanya vibaya upande wa degedege. Wauguzi, hili mnalijua: mgonjwa anayepiga kelele wodini anatushawishi tumchome sindano ya kumtuliza ya aina hiyo. Ikitumika peke yake, inaweza kumfungulia degedege mlango.

Benzodiazepini inafanyaje kazi? Inakaa pembeni ya kipokezi cha GABA, mahali pake maalumu, na kukifanya kiitikie kwa urahisi zaidi. Mlango wa kloraidi unafunguka mara nyingi zaidi kila GABA inapogonga. Haiufungui mlango huo yenyewe. Inahitaji GABA ya mgonjwa iwepo. Dawa za zamani, zile barbitureti, kwa dozi kubwa zinaweza kufungua mlango bila kusubiri GABA, ndiyo maana ilikuwa rahisi zaidi kuua mtu kwa kuzidisha. Lakini msije mkasikia kwamba benzodiazepini haina hatari. Mtu akizimeza huku anaendelea kunywa, au akichanganya na dawa za jamii ya mofini, pumzi inaweza kusimama.

Kwa hiyo dawa inashika kamba pale pombe ilipoachia, kisha inalegeza mkono kidogo kidogo. Diazepamu inafaa kwa sababu inatoka mwilini taratibu, na ini linapoivunja huzaa kemikali nyingine ambayo nayo inatuliza kwa siku kadhaa. Inajipunguza yenyewe. Kwa mzee, au mtu ambaye ini limechoka sana, sifa hiyohiyo inageuka tatizo, dawa inajikusanya. Huyo mara nyingi hupewa lorazepamu, ambayo ini lililodhoofika bado linaimudu. Katika siku hizo, tano au saba hivi, ubongo unaanza kurejesha vipokezi vyake. Kazi hiyo ubongo unaifanya wenyewe. Dawa inaulinda tu usiungue wakati unafanya.

Ndiyo maana pia dawa hizi haziendelei kutolewa kwa miezi. Ubongo utajipanga upya kuizunguka dawa kama ulivyoizunguka pombe, na utakuwa na kitu kingine cha kuachishwa.

Thiamini, yaani vitamini B1, haitulizi mtu, na kwa hiyo inasahaulika. Seli za ubongo zinaihitaji ili zigeuze sukari kuwa nishati, na mnywaji wa muda mrefu mara nyingi hanayo ya kutosha mwilini. Ikikosekana, mtu huchanganyikiwa, macho huchezacheza au kushindwa kugeuka, miguu hukosa mhimili. Carl Wernicke aliieleza hali hii mwaka 1881. Inatibika ikiwahiwa. Ikicheleweshwa, kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja. Mtu huyu apewe thiamini mapema, kwa sindano akiwa hatarini, na isisahaulike pale anapotundikiwa dripu ya sukari.

Si kila anayeacha pombe anahitaji haya yote. Wengi watatetemeka kidogo, watakosa usingizi siku mbili tatu, na yataisha. Anayeniogopesha ni yule aliyewahi kupata degedege au maruweruwe. Kila mara ubongo unapokatishwa ghafla, mara inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Familia zinazomfungia mtu chumbani "mpaka imtoke", kisha akarudia, kisha zikamfungia tena, zinafanya hivyo kwa upendo, lakini kila mzunguko unaongeza hatari. Huyo asiachishwe nyumbani.

Baada ya wiki hiyo ya kuachishwa, usingizi na hisia hubaki vibovu kwa wiki nyingi, na hapo huingia dawa za aina nyingine: akamproseti, ambayo inaaminika kutuliza upande wa glutamati, na naltreksoni, inayoziba vipokezi vinavyoipa pombe utamu wake. Hizi ni za kumsaidia asirudi. Haziwezi kuzuia degedege.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: baba alitoka hospitalini wiki tatu zilizopita, hakumbuki siku alizolazwa, je, dawa zimemharibu akili? Kutozikumbuka siku zile si ajabu. Benzodiazepini huzuia kumbukumbu mpya kujengeka, na maruweruwe nayo hufuta. Lakini kama hadi leo hakumbuki alichokula asubuhi, anauliza jambo lilelile kila baada ya dakika chache, au anasimulia mambo ambayo hayakutokea huku akiamini kabisa, mrudisheni hospitalini kesho, na mtakapofika ulizeni kama alipewa thiamini, kiasi gani, na kwa njia ipi.