Pluto Alimkosea Nani?

HALIMA: Mbukwenyi, wasikilizaji! Tuko hapa Dodoma, upepo wa Julai unapiga mabati, kwa hiyo mkisikia kelele mtuvumilie. Msikilizaji wetu wa Kondoa katuma ujumbe wa sauti: mwanawe kafundishwa sayari nane, yeye enzi zake alikariri tisa. Nyumbani hawaelewani.

MAZENGO: Mtoto yuko sahihi. Mzee naye hakudanganywa, alisoma kabla ya 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye orodha ya sayari. Tuendelee na ujumbe unaofuata?

HALIMA: Subiri kwanza, kaka! Kesi haimalizwi hivyo. Mimi niko upande wa mzee.

MAZENGO: Haya dada, jitetee.

HALIMA: Agosti 24, 2006, jijini Prague. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia una wanachama maelfu kwa maelfu, lakini walionyoosha kadi za njano kupiga kura ya Pluto siku ile ni mia nne na ushee tu. Wengine walishaondoka zao.

MAZENGO: Wachache, sawa, ila hoja ilikuwepo. Mwaka mmoja nyuma mwanaastronomia Mike Brown na wenzake walitangaza kuigundua Eris, nayo inazunguka Jua, ipo mbali kuliko Pluto na tungamo lake, yaani wingi wa maada yake, linaizidi Pluto kwa zaidi ya robo. Ukiikubali Pluto, Eris utaikataaje? Na nyuma yake kuna nyingine kama hizo, kuna Haumea, kuna Makemake...

HALIMA: Ziingie zote, kwani zinakula kwako?

MAZENGO: (anacheka) Hata Ceres ilipita hukohuko. Mwanaastronomia Piazzi aliiona kule Palermo, Italia, Januari 1, 1801, ikahesabiwa sayari kwa miongo kadhaa. Vilipozidi kuonekana vingine katikati ya Mirihi na Mshtarii, ikashushwa. Mbona hiyo huililii?

HALIMA: Sikuikariri mimi! Hebu wasomee watu yale masharti ya kuitwa sayari.

MAZENGO: Izunguke Jua. Iwe na tungamo la kutosha hadi mvutano wake wenyewe uifanye mviringo. Na iwe imesafisha njia yake, yaani mvutano wake ndio utawale vilivyomo njiani. Pluto imekwama hapo pa mwisho.

HALIMA: Hapo ndipo panaponikera. Kati ya 1979 na 1999 Pluto ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni. Mbona Neptuni haikuambiwa haijasafisha njia?

MAZENGO: Kwa sababu Neptuni ndiye mwenye mji. Ikizunguka mara tatu, Pluto inazunguka mara mbili, kwa mpangilio ambao haziwezi kukutana. Mkubwa ndiye aliyempangia mdogo ratiba. Hata Mshtarii ina maelfu ya miamba kwenye njia yake, na yote inafuata mvutano wake.

HALIMA: Kwa hiyo tunapima ujirani, kitu chenyewe hatukitazami. Chombo cha anga cha New Horizons kilirushwa Januari 2006, Pluto ikiwa bado sayari. Kinafika Julai 14, 2015, kinakuta milima ya barafu ya maji, mirefu kweli, imesimama kando ya uwanda wa nitrojeni iliyoganda. Uwanda mzima hauna kovu la kimondo! Barafu inapanda kutoka chini, inatandaza juu, inazama tena, makovu yanafutika. Kuna na hewa, nyembamba, yenye ukungu wa buluu. Huo ni ulimwengu uliokufa kweli?

MAZENGO: Hakuna aliyesema umekufa. Imeitwa sayari kibete. Dodoma ilitangazwa jiji Aprili 2018, Mlima Mlimwa ulisogea?

HALIMA: Haukusogea, ila viwanja vilipanda bei! Jina lina uzito wake. Na sharti la kwanza lenyewe linataja Jua. Sayari zaidi ya 5,000 zimethibitishwa kwenye nyota nyingine. Hizo ni nini?

MAZENGO: Hapo umenibana. Ile maana ya neno sayari waliiandikia mfumo wetu wa Jua tu. Ningekuwa na kadi ningeipigia kura, lakini kipengele hicho ningetaka kirekebishwe.

HALIMA: Umeanza kulegea! Sasa Kondoa tuwajibu nini?

MAZENGO: Kwenye mtihani mtoto aandike nane.

HALIMA: Na baba?

MAZENGO: Baba hana mtihani, abaki na tisa zake. Lete ujumbe wa pili.