Natafuta buibui Bristol: albamu yangu ya ilimba ilivyonitoa jasho

Mbukwenyi watu wa Dodoma! Na ninyi wengine wote, habari za nyumbani? Mimi mzima, ila leo hamnioni sebuleni. Niko kwenye banda la baiskeli la mama mwenye nyumba wangu hapa Bristol, Uingereza, na hii ni tochi. Natafuta buibui. Msicheke, nitafika huko.

Kwanza nimjibu mjomba. Mjomba, shikamoo. Umeona ile picha nimesimama jukwaani na taa za rangi, ukanipigia usiku: "Mpwa wangu, sasa si mambo yamenyooka? Tuma basi hela ya bati." Bati nitatuma. Lakini ile picha ilipigwa saa sita mchana, hemani, kukiwa na watu kama arobaini na mbwa wawili, na Jumatatu yake saa kumi alfajiri nilikuwa ghalani nafungasha karoti. Karoti ndizo zilizolipia albamu.

Studio nilikodi siku nne. Huku hulipi kwa wimbo, unalipa kwa siku, ukikohoa unakohoa kwa hela yako. Fundi mitambo ni kijana wa hapahapa, mpole sana, anakunywa chai kuliko bibi yangu. Akatega maikrofoni mbili, nikaanza kupiga. Mara akasimamisha. Waya mbovu, anasema. Akabadilisha waya, tukaanza upya, akasimamisha tena. Akabadilisha maikrofoni. Akazima hita. Nusu saa nzima yuko chini ya meza anahangaika, mimi nahesabu pauni zinavyokwenda, ndipo nikamuuliza: kwani unasikia nini? Akasema, kuna kitu kinavuma, zzzz, kama nyuki.

Jamani. Huo ndio mlio wenyewe!

Wasioijua ilimba, sogeeni. Hili ni sanduku la mbao. Hivi vyuma ndivyo navipiga kwa dole gumba, hivi vingine sivigusi kabisa, vinaitikia tu vyenyewe. Sasa tazama hapa mbele, tundu hili. Linafunikwa na utando mweupe, ule wa kifuko cha mayai ya buibui, mnauona kwenye kuta za nyumba zetu kama kipande cha karatasi. Ukipiga chuma, utando unatetemeka, sauti inavuma. Bila huo mvumo wazee wetu watakwambia ilimba imelala.

Nikamweleza fundi. Akainama kutazama, akarudi nyuma nusu hatua aliposikia neno buibui. Tukarekodi nyimbo tatu, halafu udadisi ukamshinda. Akanyoosha kidole, akagusa.

Pwa. Utando ukatoboka. Na ulikuwa wa mwisho, niliokuja nao kutoka Chamwino ndani ya kiberiti.

Aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma mimi. Tukabandika karatasi ya kusokotea sigara. Inavuma, sikatai, lakini kavu, kama mtu anaongea huku kajibana pua. Kwa hiyo albamu itakapotoka mjue: nyimbo tatu zina buibui wa Ugogoni, tano zina karatasi ya dukani. Kurudia siwezi, karoti haziruhusu.

Shida ya pili ilikuwa ile programu yake ya kupimia sauti. Kila nikiimba inawaka nyekundu. Akataka kuninyoosha kidogo kwa kompyuta. Nikakataa katakata. Sauti za Kigogo hazikuchukuliwa kwenye kinanda, zinafuata zile sauti ndogondogo zinazojitokeza zenyewe juu ya uzi mmoja ukilia, kama wa zeze. Ukizinyoosha utapata kwaya ya shule. Nilimwekea rekodi za marehemu Hukwe Zawose, yule aliyefariki 2003, baada ya kuipeleka ilimba na zeze dunia nzima. Alisikiliza nyimbo mbili bila kugusa chai yake. Akaifunga ile programu.

Mnauliza hela ya mtandaoni. Spotify tangu 2024 wimbo usiposikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti. Nina nyimbo mbili tu zilizovuka. Bandcamp, lile duka la muziki la mtandaoni, wana afadhali, wanakata asilimia 15 kwa nyimbo za kupakua na 10 kwa CD na fulana. Ila hela yangu hasa inatoka mezani. Ukishuka jukwaani unakimbia na jasho lako kwenye meza ya CD, unatabasamu, unasaini. Wazee wa Kiingereza bado wananunua CD, Mungu awape maisha marefu.

Agosti nilikwenda Sidmouth, pwani ya Devon, tamasha lao la muziki wa asili lililoanza 1955. Sikualikwa kupiga, nilikwenda kutazama. Nashuka tu kwenye basi, nakutana na wazee wanane, mashati meupe, vitambaa mikononi, na miguuni wamefunga njuga! Njuga, jamani, kuanzia chini ya goti. Wanaruka wanakanyaga, chaka chaka chaka. Nilisimama pale na begi langu nikasikia harufu ya vumbi la Julai kule Chamwino, kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, vikundi vinashuka kwenye malori. Wanaiita morris. Ila mabega, hapana. Mabega yao yamelala usingizi, yule mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wa kijijini kwetu angewachapa.

Jioni, kwenye baa moja, watu wamekaa duara na fidla na akodiani, yeyote anaingia na chombo chake. Nikaingia na ilimba. Hatukupatana hata kidogo, wao wako kwao mimi niko kwetu. Bibi mmoja mwenye fidla akanyamaza, akasikiliza, akalegeza uzi mmoja, akaushusha taratibu mpaka ukakutana na chuma changu kikubwa. Tukapiga wawili labda dakika kumi. Sikumwuliza jina.

Ngoja... ngoja nishike simu vizuri. Nyuma ya kopo la rangi. Mnaona? Cheupe kile. Polepole... nimekipata. Mwenyewe hayupo, msiogope. Nakata kwa wembe, nalowesha pembeni kwa mate, nabandika. Haya.

Mh. Inavuma, lakini kama nyuki aliyepigwa na baridi. Buibui wa huku wanasuka utando mwepesi.

Dada, najua unaangalia. Tafadhali, ukienda kufagia ile ghala ya mtama, ukuta wa nyuma usiuguse. Na kiberiti kiwe kikavu.