Kabla ya Kununua Siti, Ingia Uvunguni

(Mazungumzo na mafundi wa gereji, wachomeleaji na wenye magari, Mwanga, Kigoma)

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wewe kijana mwenye grenda, zima kwanza, hilo geti halitakimbia.

Nimeombwa nizungumzie siti. Mtu ana gari la spoti la zamani. Sponji imegeuka unga, mikanda ya mpira iliyokuwa inambeba imekatika, na siti za asili hazipatikani, au zinapatikana kwa bei ya kiwanja. Anakwenda kwa wauza spea za mtumba, anakuta siti iliyotoka kwenye gari jingine kabisa, ngozi inang'aa, anabeba. Anakuja kwako: "Fundi, nifungie." Na wewe unamjibu, "Hakuna shida, bosi." Hapo ndipo tunapogombana, mimi na nyinyi, na nitaendelea kugombana mpaka mniite mchawi. Hakuna shida vipi, na sakafu hujaitazama?

Najua kuna anayesema moyoni: mwalimu naye, Kigoma hii nani ana gari la spoti? Yapo. Machache, lakini yapo, na yakiharibika hayapelekwi Dar, yanaletwa kwenu. Halafu haya nitakayosema yanaihusu hata Hiace yako uliyoichomelea viti vya ziada. Usicheke, wewe hasa.

Sasa nisikilizeni. Kuna mzee mmoja, jina lake libaki kwake, ana Datsun 240Z ya mwaka 1972. Wazee hapa mnaijua. Vijana, hii ndiyo gari iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971, dereva Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller, ikarudia mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Injini lita 2.4, silinda sita, milango miwili, na siti mbili zilizokaa chini kabisa, miguu unainyoosha mbele karibu kama umelala. Mzee siti zake zilikuwa zimekwisha. Mwanawe akampelekea siti za Toyota Altezza. Siti nzuri, sikatai. Gereji moja ikazifunga.

Kwanza hazikuenea. Sakafu ya gari ile ni nyembamba, upande mmoja kizingiti cha mlango, upande wa pili ule mgongo wa katikati unaofunika giaboksi na shafti. Siti ya Altezza imetengenezwa kwa gari la saluni, la milango minne, ina mapaja mapana. Fundi akafanyaje? Akainyanyua. Akachukua vipande vya engo, vile vyuma vya pembe, akachomelea juu ya sakafu, siti ikapanda ikapita juu ya mgongo. Mzee akakaa, kichwa kikagusa paa. Akaambiwa alaze egemeo nyuma kidogo. Mtu mzima anaendesha gari huku anatazama mawingu!

Miezi ikapita. Siku moja anateremka kuelekea Kibirizi, mbuzi wakaingia barabarani, akakanyaga breki kwa nguvu. Siti ikang'oka miguu ya nyuma ikapinduka mbele, kifua kikakutana na usukani. Mkanda alifunga, na bado kifua kilifika. Alhamdulillah, alipona, mbavu zilimuuma tu. Gari ikaletwa kwangu, nikaingia uvunguni na tochi. Ule mchomeleo ulikuwa mzima! Mstari wa welding umetulia, safi, kazi ya mtu anayejua. Kilichochanika ni bati lililouzunguka, limetoka duara kama kifuniko cha kopo la maziwa. Bati la sakafu ya gari lile halifiki hata milimita moja na nusu, na kwa ndani lilikuwa limeliwa na kutu, maana chini ya kapeti kulikuwa na udongo mwekundu mbichi, mvua ya miaka mingapi sijui. Unachomelea engo ya milimita tano juu ya kitu kama hicho, halafu unajisifia mchomeleo!

Lakini hilo la kutu kila mtu analiona nikishamwonyesha. Ambalo hamlioni, na ndilo nililokuja kusema, ni mkanda. Kwa nini kifua kilifika wakati mkanda alifunga? Kwenye ile Datsun, kifungio cha mkanda, pale unapochomeka ulimi, kimeshikwa na boliti kwenye mwili wa gari, pembeni ya mgongo wa katikati. Siti ni ya kukalia tu. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni kifungio kimehamia kwenye siti yenyewe, kinatembea nayo mbele na nyuma. Fundi alipofunga siti ya Altezza alikiacha kifungio chake, kile cha zamani akakitupa kwenye boksi la chuma chakavu. Siti iling'oka, na kifungio kikaenda nayo. Mkanda ukalegea saa ileile ulipotakiwa kumshika mzee.

Fanyeni hesabu, msiogope. Kanuni ya usalama ya Marekani, namba 207, inataka siti na vishikio vyake vihimili mara 20 ya uzito wa siti yenyewe. Siti ya kilo 15, unapata kilo 300, zimegawanywa kwa boliti nne. Sakafu nyingi za zamani zinaumudu mzigo huo. Lakini mkanda ukishikwa na siti, mzigo wa binadamu nao unaingia humohumo. Kanuni ya vishikio vya mikanda, namba 210, inajaribu mkanda wa kiunoni kwa pauni 3,000 na wa begani kwa pauni 3,000 nyingine, kila mmoja zaidi ya kilo 1,300. Sakafu iliyowekewa mzigo wa siti tupu umeipa mzigo wa siti na mtu wake. Na hukuiuliza.

Kwa hiyo kifungio cha zamani kinarudi pale kilipokuwa. Kama kimekwisha, nunua kingine, lakini boliti iende kwenye tundu lake la asili. Tundu hilo ni la inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi, hata kwenye magari mengi ya Kijapani. Ukilazimisha boliti ya milimita uliyookota kwenye kopo, umeua uzi, na mtu.

Kuna mtu ananyoosha mkono, nakujua utakachosema. "Mwalimu, mbona Wazungu wanafanya?" Ndiyo, wanafanya. Uingereza wenye MGB, lile gari dogo la wazi lililotengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, wengi wamefunga siti za Mazda MX-5, iliyotoka mwaka 1989. Umejiuliza kwa nini MX-5 na siyo Mercedes? Kwa sababu nayo ni gari dogo la wazi la watu wawili. Siti yake ni nyembamba, iko chini, imepimwa kukaa kati ya kizingiti na mgongo kama ule. Wamechagua kwa futi, hawakuchagua kwa ngozi. Na hata hivyo matundu hayalingani, wanakata masikio ya reli zinazoitelezesha siti na kutengeneza vishikio vipya. Nyinyi mnaona picha ya siku ya mwisho, gari limeoshwa.

Mwingine atasema gari la zamani halikimbizwi. Ile 240Z inakaribia kilometa 200 kwa saa! Na mbuzi wa Kibirizi hawajui mwaka wa gari.

Haya, kazi yenyewe. Toa siti ya zamani, usiitupe, ndiyo ramani yako. Kabla hujaitoa, mweke mwenye gari juu yake, aikandamize, kisha pima kutoka sakafuni hadi makalio yake yalipo. Kipimo cha siti tupu hakina maana, sponji inazama. Kati ya kichwa na paa ipite ngumi. Pima upana wa chini kati ya kizingiti na mgongo, halafu upana wa mabegani mlango ukiwa umefungwa, maana wengi hufunga siti vizuri halafu mlango ndio unaokataa. Hakikisha hendibreki inanyanyuka bila kukwaruza vidole. Vipimo hivyo viandike kwenye karatasi, nenda navyo kwa muuza siti. Siti isiyoenea, iache palepale, hata akikupunguzia.

Matundu ya sakafu mara nyingi hayako usawa mmoja, ya mbele yako juu kuliko ya nyuma, na ya upande wa mgongo yana kimo chake. Usinyooshe sakafu kwa nyundo. Tengeneza kishikio kinachofuata sakafu. Kata kwanza boksi la katoni, likikubali ndipo ukate chuma. Kama ni lazima utoboe tundu jipya, rudi uvunguni kwanza: mabomba ya breki na petroli yanapita huko, na kuna mtu amewahi kulipata la petroli kwa drili, tukamkimbia wote.

Chini ya bati weka bamba. FIA, wasimamizi wa mashindano ya magari duniani, kwa siti za mashindano wanataka sehemu nne za kushikia, boliti isiyopungua milimita 8, bamba la chuma la unene wa milimita 3 kwenda juu, na eneo la kugusana sentimita za mraba 40 kila sehemu. Kipande cha sentimita 7 kwa 7 kinakupa 49, ukitoa tundu bado umevuka. Hicho unakipata kwenye mabaki ya geti ya yule kijana, bure. Boliti iwe na namba 8.8 kichwani, ndiyo alama ya ugumu wake. Isiyo na namba kafungie banda la kuku.

Reli. Sisi wa mwisho wa reli tungepaswa kulijua hili kuliko wote: zisipokuwa sambamba, kitu hakitembei. Ingiza boliti zote zikiwa legelege, sukuma siti mbele hadi mwisho, irudishe nyuma hadi mwisho, ndipo kaza. Kisha inama usikilize meno ya kufungia yanaingia pande zote mbili. Yakiingia upande mmoja tu, breki moja kali na siti inasafiri.

Naonyeshwa saa. Harakaharaka basi. Siti ikiwa na soketi ya njano chini yake, ina eabegi ubavuni, ule mfuko wa hewa, baruti hiyo, msiipime kwa testa wala msikate waya. Kwenye gari inakotolewa siti, betri ing'olewe, mngoje, ndipo mchomoe, na kwenye gari la zamani msiilete kabisa, tafuteni siti isiyo nayo. Viegemeo vya kichwa: Marekani viliwekwa kuwa lazima kwa magari madogo kuanzia mwaka 1969, kwa hiyo gari la kabla ya hapo likipata siti yenye kiegemeo limefaidika, nakubali, hapo siti mpya imenishinda. La makava na ngozi nilikuwa nalo pia, lakini waulizeni washonaji wenyewe, wako hapo nje wanakunywa kahawa.

Sasa nani amekuja na gari aliloniambia jana, lile lenye siti inayocheza? Lisogeze hapa kivulini. Leteni jeki na vigingi viwili, na mtu mwenye tochi nzima.