Seva Kuu Ikizima, Nani Anaamuru Kuhama?

Zuhura: Karibuni tena. Leo ni klasta mbili, yaani makundi mawili ya seva za hifadhidata, zilizo mbali moja na nyingine: moja inafanya kazi, nyingine inasubiri kuichukulia nafasi ikifa. Kaka Baraka, umbali wenyewe uweje?

Baraka: Utoshe ili moto au mafuriko yasizibebe zote mbili. Ila kila kilomita unailipia. Mwanga unaobeba data ndani ya mkongo wa mawasiliano hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 1,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 10, tena kwa mkongo ulionyooka kama rula, ambao haupo. Sasa chukua ombi moja linaloandika kwenye hifadhidata mara 50, moja baada ya jingine, na kila mara linangoja ng'ambo ijibu "nimepokea". Nusu sekunde imeishia njiani.

Zuhura: Ndiyo maana wengi hawangoji. Seva kuu inaandika, inamjibu mteja, nakala inafuata nyuma.

Baraka: Sawa, lakini wenye biashara waambiwe: seva kuu ikifa ghafla, miamala ya sekunde za mwisho imekwenda nayo. Wakubali kwa maandishi. Mimi napenda mchanganyiko: nakala moja ya kungojwa, jirani, ndani ya makumi ya kilomita; nyingine mbali, isiyongojwa.

Zuhura: Halafu upime imechelewa kiasi gani. Kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, watu huangalia `replay_lag`, yaani muda wa kuchelewa, ndani ya `pg_stat_replication`, orodha yenye mstari kwa kila nakala. Mtego ni huu: nakala ikikatika kabisa, mstari wake unatoweka. Kengele iliyowekwa ilie uchelewaji ukizidi sekunde 30 inakaa kimya, haina namba ya kulinganisha. Weka ya pili, ilie mstari ukikosekana.

Baraka: Na kimya hicho kina hatari nyingine. Sloti ya replikesheni, alama ya nakala imefika wapi, inaikataza seva kuu kufuta faili za WAL, yaani kumbukumbu za kila badiliko, ambazo nakala haijazichukua. Zinarundikana, diski inajaa, seva kuu inasimama.

Zuhura: Akiba imemuua mwenye mali!

Baraka: Kabisa. Tangu toleo la 13 la PostgreSQL kuna `max_slot_wal_keep_size`, kikomo cha ukubwa wa faili hizo, ila ukiiacha ilivyo ni -1, yaani bila kikomo. Weka kikomo. Nakala ikipitwa utaijenga upya, si neno.

Zuhura: Tuje kwenye kuhama, yaani kuipa klasta ya pili ukuu. Mtandao kati yao ukikatika, kila klasta inadhani mwenzake kafa.

Baraka: Zote zikijitangaza kuu, ni mafahari wawili zizi moja. Kwa hiyo tafuta eneo la tatu, hata mashine ndogo tu ya kupiga kura, akidi iwe wawili kati ya watatu. Na isipitie njia ileile ya mtandao na mmoja wao.

Zuhura: Ila akidi nayo haina busara. GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, Oktoba 21, 2018: kifaa cha mkongo kikibadilishwa, kituo chao cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani kilikatika kwa sekunde 43. Akidi ikatimia bila kituo hicho, na pwani ya magharibi ikapewa ukuu. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwingine hana. Huduma ilisumbua kwa saa 24 na dakika 11.

Baraka: Kura zilihesabiwa sawasawa! Uamuzi ndio ulikuwa wa haraka. Baadaye walizuia mfumo usihamishe ukuu kuvuka kanda wenyewe. Nami nakubaliana nao: ndani ya kanda, mashine iamue, kuvuka kanda, mtu aamuru.

Zuhura: Na seva kuu ya zamani kurudi kazini?

Baraka: Huko ndiko kugumu. Zana ya PostgreSQL iitwayo `pg_rewind` inairudisha seva ya zamani kuwa nakala, mradi mpangilio wa `wal_log_hints` au checksamu za data, yaani namba za kuhakiki, viliwashwa mapema. Lakini inafuta maandishi ambayo hayakuvuka. Nakili diski yote kwanza, ndipo uiendeshe.

Zuhura: Na nakala hai si bekapu. Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, ng'ambo nako linafutika papo hapo.

Baraka: Bekapu nayo ikae kwingine. Jengo la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, lilipoungua Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, wapo waliokuwa na data na bekapu eneo hilohilo.

Zuhura: Zoezi je?

Baraka: Kila robo mwaka, na uzime klasta kuu nzima, pamoja na hifadhi ya nywila na wiki ya timu, yaani tovuti ya maelekezo yenu. Mara ya kwanza mtu ataomba ukurasa wa maelekezo ya kuhama.

Zuhura: Na ukurasa uko kwenye seva mliyoizima.

Baraka: Uchapeni kwenye karatasi. Namba za simu za wahusika ziandikwe hapohapo juu.