Glasi Tano za Krismasi Lyon, na Zabibu za Baba

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma, nanyi nyote mnaonitazama kutoka kwingineko, hamjambo. Niliahidi kuwasimulia chakula cha mchana cha sikukuu nilichokwenda kula katika mgahawa wa Kifaransa hapa Lyon, Ufaransa, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Kwa kuwa niliona haya kusimamisha kamera katikati ya watu waliovaa vizuri na wanaokula kwa utulivu, picha nilizopata ni chache, na mengi nitayasimulia nikiwa nimeketi hapa jikoni kwangu.

Bei nitaitaja mapema, maana najua ndilo swali la kwanza mtakaloniuliza. Chakula kilikuwa euro 95, na glasi tano za mvinyo zilizochaguliwa kuoana na vyakula hivyo zikaongeza euro 60, ambazo kwa jumla ni zaidi ya shilingi laki nne kwa mtu mmoja. Nilidunduliza tangu Agosti. Atakayesema kwamba huo ni ufujaji sitabishana naye, ila mimi ni binti wa mkulima wa zabibu, nimechuma zabibu tangu nikiwa na miaka saba, na sikuwahi hata siku moja kuona mvinyo ukiwekwa mezani pamoja na chakula. Kwetu zabibu ziliondoka shambani zikiwa ndani ya makreti, na mvinyo tuliuona baadaye ukiwa pombe ya kunywewa harusini, baada ya sahani kuondolewa. Nilitaka kujua Wafaransa wanaufanya nini hasa, hata desturi yao ya mlo wa sherehe ikaingizwa mwaka 2010 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, huku kuoanisha chakula na mvinyo kukitajwa waziwazi kuwa sehemu ya desturi hiyo.

Nilifuatana na jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mjane ambaye amenifundisha mengi ya nchi hii. Kabla hatujaingia alinikumbusha nisiifiche mikono mapajani, kwani hapa mikono hukaa juu ya meza, na nisijimiminie mvinyo mwenyewe. Tuliketi saa sita na nusu mchana, tukainuka saa kumi na nusu jioni.

Glasi ya kwanza ilikuwa shampeni, mvinyo wenye mapovu, na hapo ndipo nilipojiaibisha. Nilikuwa na kiu, nikaimaliza kabla vitafunwa havijafika. Mhudumu wa mvinyo, somelie kama wanavyomwita, hakusema neno, lakini bibi alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyetafuna nyama yote na kubaki na ugali mkavu. Mfano huo ndio ulionifungua macho, kwa sababu kumbe glasi ile ilikuwa kitoweo. Ilimiminwa kidogo, sentilita nane hivi, ili itoshe vitafunwa vile na si zaidi, kama vile mtu anavyokadiria mchuzi na tonge. Tangu hapo nikawa nakula kipande, nasubiri kidogo, kisha napiga funda moja.

Chaza waliletwa wabichi, juu ya barafu, pamoja na mvinyo mweupe wa Chablis. Najua baadhi yenu mmekunja uso, nami nilikunja wangu. Chaza huyo ana chumvi ya bahari na ute unaoteleza, jambo ambalo mtu aliyelelewa kwa mlenda hapaswi kuliogopa, na mvinyo ule ulikuwa mkali na mkavu, ukifanya kazi ileile ambayo ndimu hufanya juu ya samaki wa kukaanga. Somelie alitueleza kwamba ardhi ya Chablis, ambayo leo iko mbali na bahari, ina mawe ya chokaa yaliyojaa visukuku vya chaza wadogo wa zama za kale. Sidhani kama hilo linabadilisha ladha, lakini ni habari tamu ya kusikia ukiwa na chaza mkononi.

Kilichofuata ndicho kilichonigusa zaidi. Lililetwa ini la bata lililonenepeshwa, fuagra, likiwa limelazwa juu ya kipande cha mkate wa viungo uliochomwa kidogo. Sitaficha kwamba bata hao hulishwa kwa nguvu kwa mrija, na kwa sababu hiyo wapo Wafaransa wengi wasioligusa. Nililila mara hii moja na sina hamu ya kurudia. Mkate ule ulinukia karafuu, na hapa niwaambie ndugu zetu wa Unguja na Pemba jambo moja: Pierre Poivre, aliyezaliwa katika mji huuhuu wa Lyon mwaka 1719, ndiye aliyesimamia kuletwa kwa miche ya mikarafuu kutoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, hadi Mauritius mwaka 1770, na ni kutoka huko, kwenye visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa, ndipo mikarafuu ilipofika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19.

Lakini nilitaka kusema habari za glasi. Pamoja na ini lile walimimina Sauternes, mvinyo wa rangi ya asali na mtamu kama asali, na nilipouliza utamu huo unatoka wapi, somelie alijibu kwamba zabibu zake huachwa mtini mpaka zishikwe na kuvu. Nilidhani sikusikia vizuri. Alirudia polepole: katika eneo hilo la Sauternes, kusini mwa mji wa Bordeaux, mto mdogo wa Ciron wenye maji baridi hukutana na mto Garonne, na wakati wa vuli ukungu hutanda asubuhi, kisha jua likatoka mchana. Ukungu huleta kuvu, jua huizuia isiozeshe kabisa, nayo kuvu hutoboa ganda la zabibu ili maji yatoke na sukari ibaki ndani. Wachumaji hupita mara kadhaa katika shamba moja, wakichagua punje zilizonyauka tu.

Niliinamisha kichwa kidogo. Upo msimu mmoja, nikiwa darasa la sita, ambapo mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuja hakuja, na zabibu zetu zikaozea shambani mstari baada ya mstari, huku baba akipita kila asubuhi na kurudi bila kusema lolote. Ile haikuwa kuvu ya Sauternes, wala hakuna ukungu wa namna hiyo Dodoma, na hakuna ambaye angeweza kutuokoa kwa ujuzi huu. Hata hivyo nilikunywa glasi ile polepole kuliko zote.

Chakula kikuu kilikuwa njiwa, mwekundu katikati kiasi kwamba mama yangu angemrudisha jikoni, akiwa na mchuzi mzito uliopikwa kwa mifupa yake. Mvinyo wake ulikuwa Côte-Rôtie, mwekundu, kutoka kijiji cha Ampuis, kusini mwa Lyon, kwenye kingo za mto Rhône. Jina hilo maana yake ni mteremko uliochomwa na jua. Nilipouliza aina ya zabibu nikajibiwa kwamba ni Syrah, na sheria yao inaruhusu kuongeza kidogo zabibu nyeupe za Viognier. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, «Hizi si zetu?» Baba ana mistari kumi na miwili ya Syrah, jirani na zabibu zake nyekundu za aina ya Makutupora, naye huchuma mara mbili kwa mwaka wakati hawa huchuma mara moja tu. Mvinyo ulinukia pilipili manga na moshi, na njiwa yule bila mvinyo alikuwa mzito mno mdomoni. Pamoja nao nilimaliza sahani.

Jibini aina ya Comté ililetwa na mvinyo wa manjano wa mkoa wa Jura, ambao hukaa piponi miaka isiyopungua sita na miezi mitatu bila pipa kujazwa tena, ukifunikwa na utando wa hamira unaoota wenyewe juu yake. Ulinukia uwatu na njugu, kama duka la viungo la Mhindi. Bibi aliupenda kuliko wote. Mimi nitahitaji kuuzoea. Keki ya Krismasi yenye umbo la gogo la mti sina la kuieleza, ilikuwa keki nzuri ya chokoleti, na nilikuwa nimeshiba.

Jioni nilimpigia baba simu. Hakuuliza habari za chaza wala njiwa. Aliuliza chupa moja ya Syrah ile hutumia kilo ngapi za zabibu, nikamwambia ni kilo moja na kitu. Akauliza chupa inauzwaje, nikamtajia bei, na simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza wanaifungaje mizabibu kwenye mteremko mkali hivyo.

Kwa hiyo Jumanne nilipanda basi hadi Ampuis. Baba, picha hii ni yako. Hawatumii nguzo na nyaya kama sisi. Kila mzabibu una mti wake wa kuegemea uliochomekwa ardhini, na miti miwili imeinamishwa na kufungwa pamoja juu, kama vijiti vya kuotea moto. Huyo mzee anayeonekana kwa mbali anapogoa kwa mkono, na nilipomwambia kwamba baba yangu analima Syrah, aliuliza udongo wenu ni wa rangi gani.